Magoti Yaliyobaki Juu ya Maji

Tulipokwisha kumzika Mama Kadzo, na watu wameanza kutafuta kivuli na maji ya kunywa, Mzee Elia alinijia akitanguliza fimbo yake, akasimama karibu hata nikanusa dawa ya kuchua aliyopakwa begani, akaniuliza mbele ya watu, "Magoti hayajambo?" Wajukuu waliokuwa wamemshika walitazamana. Mmoja alidhani jua limemchanganya mzee, akaanza kunieleza kwa upole kwamba babu siku hizi husahausahau. Nikamwambia babu yake hajasahau kitu. "Shikamoo, mzee," nikasema. "Magoti yapo, yanauma kidogo tu." "Marahaba. Yanauma kwa sababu hayakuingia maji," akajibu, kisha akaendelea na safari yake kuelekea kwenye viti, bila hata kutabasamu. Mimi ndiye niliyecheka, pale pale msibani, machozi hayajanikauka usoni, hata Kadzo, binti wa marehemu, akageuka kunitazama.

Kadzo aliniomba baadaye nimweleze, nami sikuweza kumweleza kwa kipande, maana magoti haya yana mwaka mzima nyuma yake. Ni mwaka niliotoka bara ya Kinango nikaja Ukunda kufua mashuka ya hoteli, nikiwa na miaka ishirini na kimo ambacho shangazi zangu walisema kitanifukuzia wachumba. Habari za ukoo wangu nitaziacha, zina wenyewe wa kuzisimulia. Ninachotaka kueleza ni jinsi nilivyopigania mkono wangu uhesabiwe katika kanisa dogo la Kibaptisti lisilo na askofu wala mfalme, na jinsi mambo yale yalivyonirudia mwezi huu, uzeeni, wakati nilipodhani nimemaliza kupigana.

Chumba nilichokaa na Mama Kadzo kilikuwa nyuma ya maduka ya Kona ya Musa, uani kwa Bi Mwanasha, mjane wa Kidigo aliyepangisha vyumba na kujiwekea kimoja karibu na mlango ili ajue nani anaingia na nani anatoka. Tulikuwa na vitanda viwili, cherehani katikati yao, na kamba ya nguo iliyokatiza juu ya vichwa vyetu, basi nililala miezi mingi nikitazama mapindo ya mapazia ya wageni. Mama Kadzo alikuwa mshonaji katika hoteli ile ile niliyofua; Kadzo mwenyewe wakati ule alikuwa akilelewa kwa nyanya yake. Taulo ikichanika, mimi niliitupa kapuni, yeye aliiokota akaikata kuwa vitambaa vya jikoni. Chakulani hakuwa mtu wa haraka. Hata kikiwa ni sima na mchicha wa nazi, alitandika mkeka, akaweka bilauri ya maji mbele ya kila mtu, akaomba maombi mafupi sana, kwa kuwa aliamini Mungu anajua chakula kinapoa. Bi Mwanasha akipika wali na samaki wa kupaka alituletea bakuli, nasi Jumapili tulimpelekea mahamri na mbaazi. Bakuli halikurudi tupu upande wowote.

Mazungumzo ya wale wanawake wawili ndiyo yaliyonifundisha dini kabla sijaingia darasani. Walikaa barazani jioni, mmoja anachambua mchele, mwingine anashona vifungo, nami ndani nikijifanya nimelala. "Hebu nieleze, Mama Kadzo," nilimsikia Bi Mwanasha akiuliza. "Kanisa lenu mkubwa wake ni nani?" Mama Kadzo akasema mkubwa wao ni Yesu. "Huyo nilijua utamtaja. Mimi nauliza wa hapa duniani. Wenzenu wale wa barabarani wana askofu, na juu yake kuna mwingine. Nyinyi je?" "Sisi hatuna. Mchungaji tunamwita wenyewe, na siku tukiona hatuendi pamoja tunamuaga kwa heri. Kila aliyebatizwa kwa kuamini kwake ana mkono mmoja. Mchungaji mmoja, mimi mmoja, na yule anayefagia mmoja." "Na mkigombana, anayewaamua nani?" "Sisi wenyewe." Bi Mwanasha alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Basi kazi mnayo, wallahi," akasema. Mama Kadzo akakiri kwamba kweli kazi wanayo.

Nilipojiunga na darasa la ubatizo, Mchungaji Musyoka, kijana mrefu wa Machakos ambaye bahari aliijua kwa kuitazama, alitupa habari za asili ya jambo lile. Alitusimulia juu ya watu wa Ulaya ya zamani, enzi ambazo mtoto alibatizwa kwa desturi ya nchi kabla hajajua mkono wa kulia na wa kushoto, na kanisa likaendeshwa na wale wale wanaokusanya kodi. Wakatokea wachache wakasema imani hairithiwi kama shamba, kwamba mtu huibeba mwenyewe, na ubatizo umngoje mpaka aiseme kwa kinywa chake. Wengine walifungwa, wengine walikimbilia nchi ya jirani, wakakutana katika vyumba vya kupanga, hawana mkubwa, wakachaguana wao kwa wao. Nilimsikiliza huku mikono yangu ikinuka sabuni ya hotelini, nikaona kama anazungumza juu ya watu ninaowajua. Mimi nilikuwa nimenyunyiziwa maji nikiwa mchanga katika kanisa jingine, na sikuwa na ugomvi na maji yale. Ila hakuna aliyeniuliza. Katika maisha yangu yote mpaka siku ile, kazi, makazi, hata nguo za sikukuu, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nilitaka kuulizwa, na nilitaka jibu langu liandamane na la wengine. Niliamua hivyo nikiwa nimekaa kwenye benchi la darasa, na sijawahi kurudi nyuma.

Kwetu utaratibu ni huu: anayetaka kubatizwa husimama mbele ya washirika, akatoa ushuhuda wake, akaulizwa maswali, kisha akatoka nje ili wamjadili na kumpigia kura. Ukuta wa kanisa letu ulikuwa na tofali za matundu za kupitisha upepo, na benchi la kungojea liliwekwa chini yake, kando ya tangi la maji. Aliyeliweka pale sijui alifikiri nini, kwa maana kila neno la ndani lilimfikia aliye nje. Nilimsikia Mzee Elia, mwenyekiti wa mashemasi, akiuliza kama nina hakika au nimevutiwa na wenzangu wa hoteli. Nikamsikia Mama Kadzo akijibu, "Msichana huyu huwezi kumvuta, mwenyekiti. Nimejaribu kumvuta aamke mapema nimeshindwa." Wakacheka, wakainua mikono, wakanipokea. Mzee Elia mwenyewe alitoka kuniita, maana hiyo nayo ni kazi ya mwenyekiti, akaniambia, "Karibu, dada. Kikao kimekukubali, ukisha kuzama." Kumbe lile neno la mwisho lilikuwa na uzito wake.

Baada ya hapo wakajadili siku ya kubatiza. Mzee Elia alikuwa amestaafu kazi ya reli, amekaa sana Mackinnon Road, na kwake saa ilikuwa kitu cha kuheshimiwa. Alisema wafanyakazi wa hoteli huingia zamu mchana, kwa hiyo anapendekeza Jumapili ya mwisho wa mwezi, ufuoni Diani, saa nne asubuhi, na kabla mtu hajapumua akauliza wanaounga mkono. Mikono yote ikainuka. Mchungaji akainua wake. Watu waliozaliwa pwani, wanaojua maji yanapojaa na yanapokupwa kama wanavyojua njia ya nyumbani, nao wakainua yao, kwa sababu waliulizwa juu ya zamu za hoteli na wakajibu juu ya zamu za hoteli. Hakuna aliyeutazama mwezi.

Aliyeutazama ni Bi Mwanasha. Jumamosi, tukipiga pasi nguo nyeupe, alikuja akasimama mlangoni. "Mwanangu, kesho mnakutia maji wapi?" "Diani, bibi. Saa nne." "Saa nne ya asubuhi? Kesho ni bamvua, mwezi mpevu! Saa nne maji yatakuwa kule mwambani, hapa mtakuta mwani na kaa." Mama Kadzo akaweka pasi chini. Akasema, polepole, "Kikao kimepitisha." Bi Mwanasha akapiga makofi. "Kimempitishia nani? Bahari nayo mliiita kikaoni?" Mama Kadzo alijitanda leso, akaenda hadi nyumbani kwa Mzee Elia kumwomba ibadilishwe iwe jioni, maji yakijaa. Alirudi amekunja uso. Mzee alikuwa amemjibu kwa adabu kabisa: "Mama, saa nne imepitishwa na washirika. Mimi si askofu nibadilishe peke yangu." Niliyaweka maneno hayo moyoni kwa hasira, na nilifanya vizuri kuyaweka.

Basi tulikwenda. Kanisa zima lilishuka ufuoni limevaa vizuri, likiimba, na bahari haipo. Mchanga ulikuwa umetandazika hadi mbali, mwani umelala chini, na mawimbi yakionekana kama mstari mweupe kule kwenye mwamba. Watalii walisimama kwenye vivuli vyao kututazama. Mchungaji alikodoa macho, akakunja suruali, akatangulia, nasi tukamfuata huku tukiruka miiba ya baharini, kina mama wameshika viatu mkononi, wimbo ukikatika kila mtu anapochomwa na kuendelea. Tukapata kidimbwi kilichomfika Mchungaji chini ya magoti. Hapo hapo akasema panatosha. Wenzangu wawili waliotangulia walikuwa wafupi, akawalaza wakazama vizuri. Ilipofika zamu yangu alinishika mgongo, akataja yale majina matatu, akanilaza. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea mtoto. Yalinifunika uso, yakaingia masikioni, na wimbo ukasikika kwa mbali, nami nikajua kwa hakika kwamba Mungu ananijua mimi Umazi kwa jina. Sijapata kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya ndoa yangu. Sikujua kabisa kwamba, kwa urefu wangu na uhaba wa maji, magoti yangu yalikuwa yamesimama juu yakipigwa na jua. Nilipoinuka nilimwona Mzee Elia amesimama ukingoni, suruali imekunjwa sawasawa, ananitazama miguuni.

Alichokiona alikaa nacho miezi. Nilikula Meza ya Bwana, nilifagia, nilikaa vikaoni nikainua mkono juu ya mambo madogo kama rangi ya milango, na hakuna aliyeuliza. Kisha ikafika wakati wa kuchagua shemasi, na jina lililotajwa lilikuwa la Mama Kadzo. Ndipo kanisa lilipochemka. Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kushika kazi ile kwetu. Mzee Elia alisimama akasoma kifungu chake cha Maandiko kinachomtaja shemasi kuwa mume, Mchungaji naye akasoma chake kinachomtaja mwanamke, na kila upande ukasema amina kwa kifungu chake. Mama Kadzo hakuwepo ndani. Alikuwa ameshatoka kama inavyompasa anayejadiliwa, amekaa kwenye benchi la nje na kazi yake ya kushona mapajani. Mimi nilikaa mbele. Nilikuwa nimekula chakula cha yule mama kwa karibu mwaka mzima, nimemwona akiosha wagonjwa, akipatanisha wanandoa, akimpelekea uji mzee mmoja ambaye watoto wake hawakumpelekea, na nilijua kwamba kazi ya shemasi alikuwa anaifanya tayari, bila jina. Tulipoulizwa nani anaunga mkono, niliinua mkono wangu juu kabisa.

Mzee Elia alikuwa anahesabu kwa kidole. Kilipofika kwangu kikasimama. "Dada Umazi, naomba ushushe mkono," akasema. Alisema kwa sauti ya mtu anayeumia, nakiri hilo. "Nimelinyamazia jambo hili, na leo siwezi tena. Siku ile ufuoni magoti yako hayakuzama. Niliyaona. Kwetu sisi ubatizo ni wa kuzamishwa, mwili mzima. Asiyezama hajabatizwa, na asiyebatizwa si mshirika, na asiye mshirika hapigi kura. Jumapili ijayo tukuzamishe sawasawa, na kikao kijacho utainua mkono wako kwa amani." Watu wengine walicheka, mpaka walipoona mzee hatanii. Mchungaji uso ulimwiva. Wenzangu wa benchi walininong'oneza nikubali tu, ni maji tu, kuna ubaya gani. Lakini kura ya Mama Kadzo ilikuwa leo, na zaidi ya hilo, mimi nilikuwa nimeulizwa nikajibu, na jibu langu lilikuwa linafutwa na kidole cha mtu mmoja.

Sikushusha mkono. Nilisimama nao juu, nikasema: "Shikamoo, mwenyekiti. Aliyenipokea hapa ni nani? Ni wewe, au ni kikao?" Akajibu ni kikao. "Basi atakayenitoa ni kikao. Ile Jumamosi Mama Kadzo alipokuja kwako kuhusu saa nne, ulimwambia wewe si askofu wa kubadilisha peke yako. Hata leo si askofu, baba. Weka hoja yako mezani, ijadiliwe, ipigiwe kura. Nami nitatoka nje kama utaratibu unavyosema." Nikashusha mkono mwenyewe, nikapita katikati ya mabenchi, nikatoka. Sikumtazama mtu, kwa maana ningemtazama mtu ningelia.

Mama Kadzo alinisogezea nafasi kwenye benchi bila kuinua macho kutoka kwenye shati analotia vifungo. "Wamekutoa?" "Nimetoka. Wanajadili magoti." "Aha," akasema. "Nilijua siku moja yatakuja." Tukakaa hivyo, wanawake wawili wanaojadiliwa, tukisikiliza kupitia matundu. Aliyezungumza kwanza alikuwa Mzee Elia, na hapo nilisikia jambo ambalo hakuwahi kulisema mbele yetu. Alisema yeye alibatizwa Mackinnon Road mwaka wa kiangazi. Maji ya kunywa yenyewe yalikuwa ya kupanga foleni. Washirika walichimba shimo, wakalitandika turubai, wakachota maji kwa mapipa kutoka kituoni, kila nyumba ikatoa sehemu ya maji yake ya kupikia, siku baada ya siku, ili mtu mmoja azame mzima. Ndugu zake walikuwa wamesimama mbali wakimdhihaki, na baba yake hakusema naye tena mpaka anakufa. "Sisi kule nchi kavu tulizama," akasema. "Na hapa, na bahari yote hii, tumeshindwa kumzamisha msichana mmoja?" Sindano ya Mama Kadzo ilisimama. Nilikuwa nimemchukia yule mzee kwa muda wa nusu saa hivi, na chuki ile ikaniponyoka, nikajaribu kuikamata nisiipate. Lakini azma yangu haikutoka nayo.

Mchungaji akasema aliyenizamisha ni yeye, na kama pana kosa ni lake. Kisha ikaja sauti ya mwanamke kutoka nyuma, ambayo mpaka leo sijajua ilikuwa ya nani. "Saa nne tuliipitisha sisi sote," ilisema. "Mimi nilizaliwa Gazi, ufuoni, na niliinua mkono. Maji yalikuwa haba kwa sababu yetu, huyu binti alilala pale tulipomlaza. Mbona tunayauliza magoti yake, hatujiulizi sisi?" Watu wakaguna lile guno la kukubali. Hoja ikaitishwa. Tulisikia nguo zikichakacha, mikono ikipanda, tukasikia Mzee Elia akihesabu kwa sauti ile ile ya reli, upande wake kwanza, kisha upande wangu, bila kuruka mtu.

Alitoka yeye mwenyewe kuniita. Angeweza kumtuma mwingine. Alisimama mbele ya benchi, akavua kofia. "Dada Umazi, kikao kimekataa hoja yangu. Wewe ni mshirika wa kanisa hili. Ingia upige kura yako." Nikamwambia asante, mwenyekiti. Nikaingia nikakaa pale pale mbele. Kura ya Mama Kadzo ikaanza upya, nikainua mkono, na kidole cha Mzee Elia kikaanzia kwangu. Nasema kwa ujasiri kwamba alifanya makusudi. Akaendelea mpaka nyuma, akahesabu na wanaopinga, akiwemo yeye, akatangaza. Mama Kadzo hakupita. Pengo halikuwa kubwa, lakini lilikuwepo.

Jioni ile sikutaka kula. Mama Kadzo alitandika mkeka kama kawaida, akaweka bilauri zake, akapakua wali wa Bi Mwanasha, nami nikalia kwa hasira mpaka kamasi zikanitoka, nikasema kanisa gani hili, afadhali lile la askofu. Aliniacha nimalize. "Walikuhesabu?" akauliza. Nikasema walinihesabu. "Na mimi walinipima mbele ya watu, wakanijibu mbele ya watu. Basi mwaka ujao tutawauliza tena. Sogeza sahani." Bi Mwanasha, aliyekuwa mlangoni akisikiliza bila haya, akatia lake: "Na safari hii muulize na mwezi." Tukacheka, nikala. Mwaka uliofuata tuliwauliza tena, na Mama Kadzo akapita. Mzee Elia alipinga tena, akashindwa, na Jumapili ya kwanza ya Meza ya Bwana alishika sinia upande mmoja na Mama Kadzo upande wa pili, akampisha atangulie. Walitumika pamoja hivyo mpaka mzee alipostaafu, wakiheshimiana na bila kukubaliana.

Haya yote nilimsimulia Kadzo jikoni kwa mama yake, tukiosha masufuria ya msiba. Sikumsimulia yaliyofuata kwa kuwa yalikuwa hayajatokea. Wiki mbili baada ya maziko, washirika walikutana kujaza nafasi ya marehemu, na jina lililotajwa likawa langu. Nimestaafu kufua. Nina wajukuu, na nilidhani nimefika umri wa kuketi. Lakini nilipoulizwa kama niko radhi nilimkumbuka yule mama akipeleka uji bila jina, nikasema niko radhi, nikachukua mkoba wangu nikatoka nje. Benchi la siku hizi ni la saruji. Tofali za matundu ni zile zile, na bado kila neno linapita.

Mwenyekiti wa sasa ni kijana anayeitwa Baraka, mhasibu wa hoteli, mtu mzuri anayependa vikao viishe mapema. Nikamsikia akiuliza wanaoniunga mkono. Nguo zikachakacha kwa wingi. Akauliza wanaopinga. Kimya. Kisha nikasikia fimbo ikigonga sakafu, mara moja, na tena, na mtu anayejiinua kwa taabu. "Mimi napinga," ikasema sauti ya Mzee Elia, imezeeka lakini bado ya reli. "Si kwa ubaya. Umazi nampenda. Msimamo wangu ni ule ule wa siku zote. Mkono wangu hauinuki, bega limekufa. Nihesabuni hivi nilivyosimama." Baraka akacheka kwa upole, kicheko cha kumwekea mzee mto mgongoni. "Mzee wetu, usijichoshe. Utaratibu ni kuinua mkono, na hata hivyo kura zimeshatosha, dada amepita. Keti, babu, pumzika." Watu wakaguna kwa huruma. Nikasikia mtu akisema msaidieni aketi.

Anayejadiliwa hasemi. Huo ndio utaratibu, na nimeushika maisha yangu yote. Lakini niliinuka kwenye saruji ile, magoti yakalia, nikaweka mdomo kwenye tundu la tofali, nikapaza sauti mpaka watu wa barabarani wakageuka: "Mhesabuni! Mhesabuni mzee! Kura yake ni kura!"

Kisha nikamsikia Baraka akisema, kama mtu aliyerudishwa darasani, "Anayepinga, mmoja." Benchi likalia, mzee akaketi. Nikarudi kukaa, nikapangusa vumbi la ukuta magotini, nikangoja kuitwa.